Tata Apima Almasi

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la mapambo mjini Thika, nikibadilishiwa betri ya saa, walipoingia msichana na shangazi yake, ambaye msichana alimwita Tata. Msichana alikuwa anaolewa. Akachagua pete yenye jiwe kubwa linalometameta.

"Hii ni almasi?" Tata akamuuliza muuzaji.

"Hapana, mama. Hii ni ya fasheni tu. Almasi ya bei hii ingekuwa ndogo kama chembe ya sukari."

Tata hakuridhika. Kwao nyumbani, inaonekana, hakuna pete inayovaliwa kabla yeye hajaikagua. Akaisogeza mdomoni, akaipulizia pumzi nzito, "Haaa!" Jiwe likafunikwa na ukungu, na ukungu ukakaa.

"Haiya, umeona? Kwenye almasi ya kweli ukungu hutoweka papo hapo. Hiki ni kioo!"

"Si ndivyo nimesema, mama?" muuzaji akanung'unika.

Msichana akaushika mkono wa Tata, wenye pete ya zamani. "Sasa pima yako, Tata, hii unayotuambia kila Krismasi kuwa ni almasi halisi."

Hata mimi nikasahau saa. Tata akainua kidole, akavuta pumzi, akasita. Kisha akautia mkono polepole mfukoni mwa sweta.

"Leo nina homa," akasema. "Tuchukue hiyo yako. Inang'aa vizuri."

Basi, msomaji, jiwe lipulizie dukani kabla hujalipa. Ukishalivaa miaka mingi, tafadhali pumulia kando.