Siku Tuliyopelekwa Kuona Maua

Tuliokuwepo siku ile ni mimi, mdogo wangu Tatu, kitindamimba wetu Idi, na Baba Mdogo Shomari aliyeshika usukani. Wanne tu. Landrova ya kazini kwake ilinuka dizeli na magunia ya mkonge, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia, meno yangu yanaumana yenyewe. Arobaini ya mama ilikuwa wiki ile. Baba alikwisha kumtangulia. Nilikuwa nimeacha shule, nikakalia cherehani ya mama barazani kwetu Kariakoo, nikashona sare na foronya, tukala. Kwa hiyo Baba Mdogo aliposema, "Mmelia vya kutosha, wanangu. Jumamosi nawapeleka Morogoro mkapumzishe macho," niliinama nikambusu mkono.

Tuliondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Barabara ilikata mashamba ya mkonge, kisha Uluguru ikasimama mbele yetu, buluu, imejitanda ukungu. Tulipanda kwa miguu, matope ya baridi yakipenya vidoleni, mpaka tukakuta maua ya zambarau yameng'ang'ania miamba inayochuruzika maji. Tatu, mtoto wa vumbi na ndoo za bombani, alishangaa. "Dada, huku nani anamwagilia?" "Serikali," Baba Mdogo akajibu, "tena bila foleni." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kicheko hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Idi alichuma fungu la kupeleka kaburini kwa mama. Kila nilipokumbusha kurudi, Baba Mdogo alisema, "Kilele bado, mwanangu. Haraka ya nini?"

Tuliporudi, jua limeshazama, chumba chetu kilikuwa na kufuli jipya, na barazani zimebaki alama za miguu ya cherehani kwenye saruji. Mama Roza, mpangaji wetu Mchaga, alishika kiuno. "Jamani, nyie mlikuwa wapi? Wazee wa ukoo wamekuja, wamekula pilau, wamegawa mirathi. Wameambiwa mmesafiri, neno lenu mmemwachia baba yenu mdogo." Nyumba sasa ilikuwa ya Baba Mdogo, cherehani ya mkewe. Nilimgeukia. Alikuwa anafuta kioo cha gari, ametulia. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Na asante ya maua je, hamna?" Idi alikuwa bado ameshika lile fungu, limenyauka. "Asante, Baba Mdogo," nikajibu, na nilimaanisha kwamba sitasahau.

Niliwalea wadogo zangu kwa sindano ya mkono, kisha kwa cherehani ya kukodi Buguruni. Tatu leo ni muuguzi, Idi ana gereji Ilala. Kariakoo ya mabaraza imemezwa na maghorofa, na nyumba yetu imebaki katikati yake kama jino moja kinywani. Wanunuzi wanaipigia hodi kila wiki, kwa hiyo wazee wa ukoo watakaa tena Jumamosi ijayo kuamua iuzwe na nani apate nini. Siku hiyo nimeiomba mimi, na Mama Roza, mzee sasa, amekubali kuja kusema aliyoyaona. Juzi nilimpitia Baba Mdogo. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu," aliitika, akinitafuta kwa macho yenye ukungu. Nikamwambia Idi atampeleka Morogoro Jumamosi akapumzike. Akacheka: "Maua nitayaonaje na macho haya?" "Utayanusa, Baba Mdogo. Haraka ya nini?" Wahenga walisema mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Na adhani. Idi atashika usukani, mimi nitabaki barazani na wazee. Alitupa safari tukiwa watoto, na mpaka naandika haya sijamrudishia.