Kigelegele Kilichochelewa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo mtoto alizaliwa na hakuna mtu aliyepiga kigelegele. Uzee umenifikia, mengi yananitoka, hata miwani naitafuta huku nimeivaa, lakini ukimya wa asubuhi ile haujanitoka. Nakusimulia kwa sababu juzi ulipokuja kutoka Mikumi ulinivuta mpaka chumbani, ukafunga mlango, ukaninong'oneza kwamba u mjamzito. Kisha ukasema, "Mama, nakuomba usimwambie Dada Yunisi." Nilikutazama. Macho yako yalikuwa yanacheka, lakini mdomo ulikuwa unanong'ona kama wa mtu aliyeiba.

Sikukujibu siku ile. Nilikuambia tu ule, ukapumzike. Mtu mzima hajibu jambo kubwa mbio mbio, na tena mboga ilikuwa inaungua jikoni. Leo nakujibu.

Najua kwa nini unamficha dada yako. Mimba yake imeharibika mwaka huu, na si ya kwanza. Yuko kule Dumila anauza vitunguu stendi, anataniana na makondakta mchana kutwa, jioni anafunga biashara na kurudi kwenye nyumba isiyo na mtoto. Unampenda, hutaki kumtonesha kidonda. Nia yako ni njema, mwanangu. Na mimi nia yangu ilikuwa njema.

Wakati huo tulikuwa bado Lumuma, kabla baba yenu hajatuleta hapa Mabwerebwere. Niliolewa, miaka ikapita, tumbo likabaki vile vile. Wasichana tuliochezwa unyago pamoja walikuwa wanabeba watoto mgongoni, mimi nabeba jembe begani. Ukipita kwenye mfereji wa maji unasikia mazungumzo yanakatika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema wahenga, lakini na asiyezaa naye ana uchungu wake, ila hakuna anayemuuliza.

Jirani yangu wa karibu alikuwa Dorka. Wewe umemjua akiwa mzee, Mama Mkubwa Dorka, yule wa ugoro na vicheko. Ujanani mlango wake ulitazamana na wangu, katikati unapita mfereji, na zamu yetu ya maji ilikuwa moja. Yeye anafungulia huko juu, mimi nasimama chini naelekeza maji kwenye majaruba ya vitunguu, kisha tunabadilishana. Mtu akinichokoza habari za mtoto, Dorka ndiye alinijibia. "Mungu hana saa ya mkononi," alikuwa akisema, nao wananyamaza.

Alipozaa mwanawe, Danieli, nilimlea kama wangu. Alipoanza kusimama dede alikuwa ananishika magoti. Kisha mimi nami nikapata mimba, na mtu wa kwanza kumwambia, hata kabla ya baba yenu, alikuwa Dorka. Alinikumbatia mpaka nikaogopa ataniangusha.

Tumbo langu likiwa bado dogo, Danieli akashikwa na homa, akafa. Tulimzika kiangazi, udongo mkavu, vumbi likitufuata mpaka nyumbani. Dorka hakuzungumza kwa muda mrefu. Hata hivyo matanga yalipoanuliwa alirudi kunichotea maji, kwa kuwa mimi nilikuwa nimezuiwa kubeba mizigo. Alikuwa anaweka ndoo mlangoni, analitazama tumbo langu, anaondoka. Mimi nilikuwa nabaki nimekaa na aibu, kana kwamba nimemnyang'anya kitu.

Sasa kwetu, wakati ule, mtoto akitoka salama mkunga alikuwa anasimama mlangoni na kupiga kigelegele. Nyumba ya karibu ikisikia, inaitikia. Ya pili inaitikia, ya tatu, mpaka sauti inapanda mlima mzima, na aliyeko shambani ananyoosha mgongo na kusema, "Fulani amepona." Lakini wa mbali hawakuitikia kabla ya jirani. Ni kama msibani: kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Na jirani wa kuniitikia mimi alikuwa Dorka.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilijiuliza, huyu aliyezika juzi, atasimamaje mlangoni kwake kunipigia mimi kigelegele? Ulimi utainuka? Nikaona nimhurumie. Uchungu uliponishika, nilimshika mkono bibi yenu mzaa baba, ambaye ndiye alikuwa mkunga wetu, nikamwambia, "Mama, akitoka salama usipige."

"Nisipige nini?"

"Kigelegele. Dorka atasikia."

Bibi yenu alinitazama kama aliyeona nimeanza kuweweseka. "Mtoto hapitishwi dirishani, Foibe," akasema. Nikamwomba tena, nikalia. Mwanamke aliye kwenye uchungu habishiwi. Akakubali.

Alfajiri mtoto akatoka. Msichana, mzima, analia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Walipomweka kifuani pangu, mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimengoja mpaka nikasahau nangoja. Furaha ilinipanda kutoka miguuni, ikajaa kifua, ikafika kooni ikitafuta mlango wa kutokea, nami nikauma pindo la kanga ili isitoke. Bibi yenu alisimama mlangoni, mgongo wake kwangu, akautazama mlima. Hakufungua mdomo. Ile furaha ikabaki imenikaa kooni kama tonge lisiloshuka. Baba yenu aliingia akatabasamu kwa woga, akauliza kwa sauti ya chini, "Wamepona wote?" Utadhani tuko chumba cha maiti.

Mtoto huyo tulimwita Yunisi. Ndiyo, huyo huyo dada yako.

Kitovu chake kilikuwa hakijadondoka Dorka aliposimama upande wa pili wa mfereji. Nilikuwa naanika nguo za mtoto. Alizitazama zile nguo moja moja.

"Foibe, umejifungua."

"Nimejifungua."

"Nimeambiwa na watu wa mtaa wa juu. Mimi, ambaye ukikohoa nasikia. Kila siku niliamka mapema, nikasikiliza. Nilijiambia, siku Foibe akipona, nami nitafungua mdomo tena."

Nikamwambia sikutaka kumuumiza.

"Hukutaka kuniumiza," akasema, "au uliniogopa?"

Akageuka akaenda zake. Wala hakungoja jibu, maana hilo si swali la kungoja jibu.

Sikuelewa aliposema kuogopa, mpaka bibi yenu aliporudi kutoka kwenye mfereji siku chache baadaye, uso umekunjamana. Wanawake walikuwa wameshaunganisha maneno yao. Foibe amezaa kimya kimya. Foibe amemficha Dorka mtoto. Huenda Foibe anajua jambo kuhusu jicho la Dorka. Na Danieli, je, alikufa kwa homa tu? Waliokuwa na watoto wachanga walianza kuwafunika nyuso Dorka akipita. Mmoja alimpokonya mwanawe mikononi mwa Dorka, akisingizia kwamba anataka kunyonya. Dorka akaacha kwenda mferejini saa za watu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi ndiye niliyekuwa nimelileta.

Bibi yenu alikaa kwenye kigoda mbele yangu. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Ulimhurumia Dorka," akasema. "Sawa. Ulimuuliza?"

"Hapana, Mama."

"Ulikata shauri peke yako kwamba moyo wake ni mdogo, hautoshei furaha yako. Yule alikuwa ameshapokonywa mtoto, mwanangu. Wewe umempokonya ujirani. Na sasa watu wanampokonya jina." Akafuta uso kwa kiganja. "Nami nimekosa. Nilikusikiliza wewe, na mimi ndiye mkubwa."

Nililia. Aliniacha nilie nikamaliza, kisha akasema, "Ukimya wako ulisikika kijiji kizima. Utautengua mbele ya hao hao."

Basi siku ya zamu yetu, ambayo Dorka hakuweza kuikwepa, mchana kweupe, watu wamejaa mferejini, nikamfunga Yunisi mgongoni nikapanda, bibi yenu nyuma yangu, ingawa mzazi kama mimi hakutakiwa kutoka nje bado. Dorka alikuwa peke yake pale juu, jembe mkononi, anafungulia maji. Aliponiona hakuliweka jembe chini. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamnyooshea.

"Dorka, mwanao huyu."

"Rudi nyumbani, Foibe. Watu watasema."

"Ndiyo maana nimekuja wanione."

Hakumpokea. Nikasimama pale na mtoto mikononi. Sikujua la kufanya, nikafanya ambalo halifanywi. Nikainua kichwa, nikapiga kigelegele mwenyewe. Mzazi hajipigii kigelegele, mwanangu. Ni kujisifu, ni kama kujitangazia arusi. Wengine wakaziba midomo wasicheke. Mlima ukakaa kimya. Hakuna aliyeitikia, maana jirani alikuwa hajaitikia, na jirani alikuwa amesimama mbele yangu na jembe, maji yakimpita yakaingia kwenye shamba lisilo letu.

Nikapiga tena. Sauti ilikwama njiani.

Dorka akaliacha jembe likaanguka majini. Akampokea Yunisi, na kitu cha kwanza alichofanya, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanafunika watoto wao, alimfunua uso. Akamtazama. Akamtazama mpaka nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Sauti iliyomtoka mwanzo ilikuwa kilio. Danieli alikuwa ndani ya sauti ile, kila mtu alimsikia. Kisha ulimi ukaanza kupiga, kilio kikapanda kikawa kigelegele, na mpaka leo sijui kimoja kiliishia wapi na kingine kilianzia wapi. Bibi yenu akaitikia. Mwanamke mmoja chini akaitikia, na mwingine, kisha nyumba za mbali ambazo hata hazikujua kuna nini, mpaka mlima ukajaa. Hapo lile tonge likashuka. Nilicheka, nikalia, nikakaa chini kwenye matope na nguo zangu safi.

Sitakudanganya kwamba Dorka alipona siku hiyo. Kuna siku alikuja, akamwona mtoto anasimama dede, akaondoka bila kuaga. Nilimwacha. Kesho yake alirudi. Hakujaliwa mwingine, lakini Yunisi alikulia nyumba mbili, na akila kwetu alikuwa anakwenda kulamba sufuria kule. Dorka alipougua miaka hii ya karibuni, Yunisi ndiye aliyetoka Dumila kwenda kumwogesha na kumgeuza kitandani, mpaka alipokata roho. Nawaza, kama ningeendelea kumficha yule mtoto kwa huruma yangu, nani angemfumba macho Dorka?

Sasa na wewe unataka kumficha Yunisi. Yunisi, ambaye alizaliwa akiwa siri! Unaona kwa nini sikulala vizuri tangu uondoke?

Nisikilize, mwanangu. Sikuambii uende Dumila na keki na maputo, kama mnavyofanya siku hizi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na furaha isiyotazama imesimama mlango wa nani ni utovu wa adabu. Lakini kuwa na adabu si kumfungia mtu mlango. Aliyefiwa anajua kwamba watoto wa wengine wanazaliwa. Hana haja ya kufichwa jua. Anachotaka kujua ni kama bado anahesabiwa nyumba ya karibu. Ukimficha, kwanza atasikia kwa watu, na watu hawakosi. Pili atajiuliza uliyemwogopa ni nani, na jibu atakalolipata litamkaa moyoni kuliko msiba wenyewe.

Kwa hiyo nenda. Usimtumie ujumbe kwenye simu, na usimwache aone kwenye grupu la familia pamoja na mashangazi wote na picha zao za maua. Panda basi, kaa naye jikoni kwake, mwambie yeye kabla ya wengine. Akilia, kaa. Akikuambia uondoke, ondoka, kisha rudi. Kulia au kucheka atachagua mwenyewe, wewe usimchagulie. Na mbele yake usiikunje furaha yako kana kwamba ni kosa. Umeingoja nawe, ni yako, Mungu amekupa, na isipopata pa kutokea huchacha.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akuvushe miezi iliyobaki, mguu wako usijikwae, mtoto wako atoke akilia kwa hasira kama dada yako alivyolia. Na Yunisi Mungu amfute machozi kwa mkono wake, ampe naye kwa wakati aujuao, na asipompa, asimkoseshe watoto wa kulamba sufuria nyumbani kwake.

Siku yako ikifika, mpigieni simu Yunisi aje, kabla hamjanipigia mimi. Kisha nipigieni, mniwekee simu karibu naye. Nitakuwa nimekaa hapa Mabwerebwere, nimenyamaza, nasikiliza. Sitaitikia mpaka nimsikie yeye ameanza.