Kipindi Nilichokiacha Katikati

Televisheni ya chumba chetu tuliirithi kwa Mfilipino aliyekuwa akirudi kwao, na ilikuwa inashika vizuri stesheni moja tu: ile ya picha za zamani, nyeusi na nyeupe, maandishi ya Kiarabu yakipita chini. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba hicho huko Al Rayyan, katika nchi ya Kiarabu tulikokwenda kutafuta kazi, sote walinzi wa milangoni. Wawili walikuwa na zamu tofauti na yetu, kwa hiyo Ijumaa mchana nilibaki na Mganda mmoja, mtu wa kanisa sana. Akishatoka ibadani Mesaimeer anavua viatu, anapika chai ya tangawizi, tunakaa kutazama chochote kitakachokuja.

Ijumaa hiyo kikaja kile kipindi cha mambo ya anga, ambacho kila wiki ni hadithi mpya na watu wapya. Mimi sikukipenda. Roketi inanihusu nini, na kwetu hata basi linakuja likitaka? Lakini hadithi ya siku hiyo ilinishika. Mwanamume yuko peke yake kwenye kituo cha mbali, mbali kupita mwezi, analinda mitambo. Kazi yake ni kama yangu tu, kuangalia mlango ambapo hapiti mtu. Kila siku redio inamletea sauti ya mama yake kutoka duniani. Mama anauliza kama amelala vizuri, kama anavaa sweta, na jamaa anafurahi. Halafu siku moja anagundua kwamba nyuma ya sauti ya mama kuna saa ya ukutani inayogonga mara nne. Jana ilikuwa nne. Juzi pia nne. Anashika kipaza sauti, anamwuliza mama swali ambalo wao wawili peke yao wanajua jibu lake. Redio inakoroma.

Hapo hapo simu yangu ikalia. Alikuwa supavaiza: mwenzetu wa Lusail ameugua, basi liko nje, vaa yunifomu. Kwenye kazi ile humwambii mtu asubiri umalize kipindi. Nikashuka ngazi nikifunga vifungo njiani.

Ndani ya basi nikafanya nilichozoea kufanya, nikafungua sauti za mama. Kupigiana simu za video kulikuwa kumefungwa katika nchi ile, na za kawaida niliambiwa mama hazisikii vizuri tena. Kwa hiyo mdogo wangu aliyebaki naye nyumbani alikuwa akimrekodi na kunitumia kila Jumapili. "Mwanangu, mimi niko salama. Wewe umekula?" Siku zote ni hivyo, na siku zote ilinitosha. Safari hii, nyuma ya sauti yake, mbwa akabweka mara tatu. Mbwa wetu alibweka kama mzee anayekohoa, hakuna mwingine wa hivyo kijijini. Nikatabasamu. Kisha nikakumbuka kwamba mbwa yule alikanyagwa na lori wiki moja kabla ya Pasaka. Mdogo wangu mwenyewe aliniandikia. Na sasa tulikuwa Julai.

Nikafungua ya Jumapili iliyotangulia. Mbwa. Nikafungua ya nyuma yake. Mbwa.

Kwetu tuna desturi ambayo sasa siipendi hata kidogo: aliye mbali haambiwi. Msiba ukitokea anafichwa mpaka arudi, eti asije akachanganyikiwa ugenini bila mtu wa kumshika mkono. Na usidhani mimi ni malaika. Mjomba wangu alipofariki, mwanawe akiwa ng'ambo, tulimwambia mwaka mzima kwamba baba yuko shambani, baba amelala, baba anakusalimia. Salamu hizo nilizipeleka kwa mdomo wangu huu. Kwa hiyo nilijua kazi hiyo inavyofanywa, na kujua huko ndiko kulikonimaliza.

Kule Lusail nilisimama kwenye lango la jengo jipya. Watu walinisalimia nikawafungulia mlango wa kutokea badala ya wa kuingilia. Likizo yangu ilikuwa bado miezi saba, paspoti iko ofisini, na hata ruhusa ya kutoka nchini ilitaka sahihi ya mwajiri. Kama mama amezikwa, amezikwa bila mimi. Nilitaka tu kujua kama kila Jumapili nilikuwa nikizungumza na mtu aliye hai. Niliogopa, na niliona aibu kwamba ilibidi televisheni inifundishe kusikiliza.

Ulipofika muda wa chakula sikwenda kula. Nilikwenda kwenye ngazi za dharura nikamtumia mdogo wangu sauti. "Mwambie mama anijibu. Siku ile ya wageni wa mahari ya dada mkubwa, nilikula mandazi mangapi?"

Nilikuwa na miaka tisa siku hiyo. Mandazi yalikuwa kwenye beseni, yamefunikwa kitambaa, hayaguswi. Nikayagusa. Wageni walipofika hayakutosha, na mama akasimama mbele ya wazee akasema samahani, alihesabu vibaya. Baadaye jikoni akaniuliza ni mangapi, nikamwambia saba. Hakunichapa. Alisema hilo litabaki kati yetu sisi wawili na beseni, na likabaki.

Alama ikaonyesha kwamba mdogo wangu amesikiliza. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Nikamwandikia Mganda: yule mtu wa redio alijibiwa nini? Akajibu: nililala. Mwanamke ambaye hajawahi kusinzia mbele ya televisheni tangu nimjue. Nikajua huyo naye ananificha mwisho mbaya wa kipindi.

Ndipo simu ikalia, simu ya kawaida, ya kutoka nyumbani. Mdogo wangu alikuwa akilia.

"Dada, usikate. Mama yuko."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa kitandani. Alianguka wiki ile ile ya mbwa. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na mdomo. Hasemi, dada. Nilitaka kukwambia, akakataa kwa kichwa. Ndiyo maana nikawa nakutumia zile za zamani."

"Ya mbwa uliniambia, ya mama ukanificha?"

Nikamwambia ampe mama simu. Nikasikia pumzi, lakini pumzi ni pumzi tu, inaweza kuwa ya mtu yeyote, na wakati huo sikumwamini binadamu. Nikasema, "Mama, mandazi."

Vitu vikasogezwa huko. Kisha kijiko kikagonga kikombe, polepole, kwa mkono usiozoea. Moja. Mbili. Tatu. Nikashika chuma cha ngazi. Nne. Tano. Sita. Kikakawia mpaka nikafikiri amechoka. Saba. Nikaanza kulia, maana saba ndiyo niliyomwambia.

Kijiko kikagonga tena.

La nane sikuwahi kumwambia mtu. Nililificha ndani ya sweta nikalila kesho yake njiani kwenda shule. Mama alijua miaka yote hiyo, akaniacha na saba yangu.

"Sasa anasogeza midomo," mdogo wangu akasema. "Nadhani anauliza kama umekula."

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu ile chai ya mchana.

"Nimekula, mama," nikasema. "Wali na kuku. Nimeshiba kabisa."

Kijiko kikagonga kikombe mara moja, kwa nguvu, kama kilivyogonga lile la nane.