Chuma cha kumvuta Athanas kabla ya mvua

Jua bado lina huruma, na Euphrasia Bujiku amepiga magoti kwenye yadi ya vyuma chakavu huko Songwa, wilayani Kishapu. Anaokota kipande cha chuma, anakigonga kwa jiwe, anatega sikio. Kikilia vizuri anakiweka kando. Kikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, anakirudisha kwenye rundo.

Mkononi ameshika gunzi la hindi. Amelichonga kwa kisu likawa duara safi, na kila akikuta pini ya chuma anailaza pembeni ya gunzi hilo na kulinganisha unene.

Mwenye yadi ni Marwa, mtu wa Tarime aliyekuja huku kufuata almasi akaishia kwenye vyuma. Anamtazama kwa muda kabla ya kuuliza.

"Mama, wenzako wanakuja na futi. Wewe umekuja na chakula cha nguruwe?"

"Futi haikai ndani ya tundu," Euphrasia anajibu bila kuinua kichwa.

"Kwani unataka kuvuta nini?"

"Mume wangu."

Marwa anacheka mpaka anakaa juu ya tairi. "Wasukuma nyie. Amekukimbia au amegoma?"

"Kifua chake kimechoka," Euphrasia anasema. "Hospitali iko ng'ambo ya mbuga, na mvua inakuja."

Marwa anaacha kucheka. Anakunja mikono ya shati na kuinama naye kwenye rundo.

Nyumbani kwake Mwabulima, kijiji ambacho mbuga ya udongo mweusi imekitenga na Kharumwa, kwenye hospitali, Euphrasia ni dereva wa kifaru. Ndivyo watu wanavyokiita, ingawa hakina mzinga. Ni gari la zamani la jeshi la nchi za baridi, linalotembea kwa mikanda miwili mipana ya mpira badala ya magurudumu. Lililetwa na kampuni ya watafiti wa dhahabu. Utafiti ulipokwisha, wageni waliona kulisafirisha ni ghali kuliko kuliacha, wakaukabidhi uongozi wa kijiji funguo na pipa la oili.

Dereva wa wageni wale alikuwa Athanas. Mpishi wao alikuwa Euphrasia.

"Alinipenda kwa ajili ya maharage yangu," anasema.

Athanas, akiwa ameegemea mito mitatu kitandani, anatikisa kichwa taratibu. "Maharage yalikuwa na mawe," anasema, kisha anapumzika kwanza ili amalizie. "Nilimpenda hivyo hivyo."

Wageni walipoondoka, Athanas aliendesha kifaru msimu wa mvua, na kiangazi alikwenda kusaga mawe kwenye karasha, mashine zinazotwanga mwamba wa dhahabu ukawa unga. Vumbi lile alilivuta miaka mingi. Siku hizi kutoka kitandani hadi mlangoni anasimama njiani kama mtu aliyesahau kitu.

Kabla pumzi haijamwishia kabisa, alimfundisha mkewe kuendesha. Hakuanza na usukani. Alimkalisha kwenye kiti, akamwambia afumbe macho.

"Aliniambia nisikilize," Euphrasia anakumbuka. "Alisema, Mama Juliana, mashine ni kama mtoto mchanga. Haisemi inaumwa wapi, inalia tu. Ukijua kilio chake umeshaijua."

Mvua ikikolea, mbuga ile hainyang'anyi viatu tu. Ng'ombe huzama hadi tumboni, na pikipiki hurudi zikiwa zimebebwa na wenyewe. Kifaru peke yake ndicho kinachovuka. Kimevusha chumvi, chaki za shule, na wajawazito ambao baadhi yao wamewapa watoto jina la Euphrasia. Nauli ni debe la mpunga kwa mwenye nalo. Asiye nalo anapanda, atasema wabeja, yaani asante, na yameisha.

Ila kina kasoro moja. Injini iko katikati ya kibanda, kati ya dereva na abiria, na moshi wake hujipenyeza ndani hata dirisha likiwa wazi. Mwenye afya hukohoa tu. Kwa Athanas, ule moshi ni mkono shingoni.

Mvua zilizopita alimpeleka kliniki hivyo hivyo, kwa kuwa njia nyingine haikuwepo. Walipofika katikati ya mbuga, Athanas aliinamisha kichwa na hakukiinua tena.

"Nilizima injini palepale kwenye tope," Euphrasia anasema. "Nikamtoa nje, nikamlaza juu ya bati la mbele, nikampepea kwa kanga. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nampepea kwenye mvua kama mwehu."

Alipofumbua macho, neno la kwanza alilosema Athanas lilikuwa kwamba asizime injini tena kwenye tope, mikanda itaganda.

Tangu siku ile Euphrasia alikuwa na wazo moja: tela. Abiria mgonjwa alale nyuma, mbali na moshi, kwenye hewa. Fundi Cornel wa Kharumwa alimtengenezea kutokana na bodi ya pikapu iliyokufa, akalivika matairi mapana ya trekta yasiyozama haraka. Kazi ikabaki kwenye kiungo. Kifaru kina mdomo wa chuma nyuma wenye tundu, lakini pini yake ilipotea zamani, na tundu lenyewe si la lori wala la trekta.

Cornel alijaribu kukunja nondo ikawa ndoano. Kwenye ukingo wa kijito cha kwanza ilinyooka kama kijiko cha bati, na tela likarudi kinyumenyume mpaka kwenye matete. Bahati lilikuwa tupu.

Ndipo Euphrasia alipochemsha hindi la bondeni, akalila, akalichonga gunzi lake mpaka likabana barabara ndani ya tundu la kifaru, akalitia kwenye mkoba. Alianza na Geita mjini. Pini zote zilikuwa nene kama mwiko wa ugali wa msibani. Kahama alipata nyembamba. Wengine walimwambia alipeleke gari zima, kana kwamba kifaru kinapanda basi. Mtu mmoja kituoni ndiye aliyemtajia Songwa, kwamba karibu na mgodi mkubwa vyuma vigeni haviishi.

Na kweli, Marwa anakipata chini ya rundo: mkono mfupi wenye pete nzito, na pini yake ikining'inia kwa mnyororo. Euphrasia anailaza pini kando ya gunzi. Zimelingana. Anaigonga. Inalia kama kengele ya kanisa.

Wanapatana shilingi elfu themanini, fedha aliyoipata kwa kuuza mbuzi wawili. Marwa anamwongezea kufuli ya kuzuia pini isichomoke.

"Hiyo ya mgonjwa," anasema. "Akipona mwambie anidai soda."

Nyumbani, jirani zao walikusanyika kuona. Cornel aliuchomelea mkono kwenye tela, Euphrasia akalirudisha gari nyuma, pete ikaingia mdomoni, pini ikashuka. Ilishuka kirahisi mno. Ilicheza ndani ya tundu kama kidole cha mtoto ndani ya pete ya bibi.

Euphrasia alitoa gunzi mkobani na kulitia kwenye tundu. Nalo likacheza.

Hindi lilikuwa bichi alipolichonga. Lilizunguka naye Geita, Kahama na Songwa likikauka na kunywea ndani ya mkoba, naye ameliamini kama rula.

"Mimi mkulima," anasema, akijifunika uso kwa kanga. "Nimekausha mahindi tangu utoto. Halafu gunzi likanidanganya mimi."

Jirani yake Scolastika alicheka mpaka machozi, kisha akaacha, maana upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kurundikana.

Baadhi walisema pini hiyo itumike hivyo hivyo. Athanas, aliyeletwa nje na kukalishwa kwenye kiti, aliomba walisukume tela mara moja ili asikie. Walipolisukuma alitikisa kichwa.

"Chuma kinachocheza kinajiua," alisema. "Kitaula mdomo wa kifaru, halafu hatutakuwa na pini wala mdomo." Akapumzika. "Mama Juliana, kaitoe nguzo ya chandarua."

Euphrasia hakusogea.

Nguzo ile ni kipande cha bomba la kuchorongea, yaani kutobolea mwamba, kutoka shimo la kwanza alilochoronga Athanas na wageni wake, mwaka yeye na Euphrasia walipooana. Aliomba wampe, wakampa. Miaka yote imesimama upande wake wa kitanda, ikishikilia chandarua cha wawili hawa. Euphrasia huning'iniza hapo rozari yake.

"Tutatafuta bomba jingine," alimwambia.

"Wapi? Mvua ile pale." Akamwonyesha kwa kidevu. "Hilo si la kutunza. Nilikupa wewe, siyo chandarua."

Cornel alikata kipande cha urefu wa kidole cha kati. Pini ikaingia ndani ya bomba, na nje akalipiga tupa kidogo kidogo, akilijaribu kila mara, hadi lilipoingia kwenye tundu kwa nyundo. Pini iliposhuka safari hii, haikusema kitu. Athanas alifumba macho. Akasema, "Hapo sasa."

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku huo. Asubuhi yake mbuga inang'aa maji, na Euphrasia anamfunika mumewe blanketi ndani ya tela, juu ya godoro, mito mitatu mgongoni. Anamkabidhi nyundo ndogo. Wamekubaliana: akizidiwa agonge bati, Euphrasia atasimama.

Kifaru kinashuka kwenye tope. Tela linafuata bila kuruka wala kuyumba. Katikati ya mbuga, mahali palepale, nyundo inagonga.

Euphrasia anaruka chini bila kuzima injini, tope hadi magotini, kanga tayari mkononi.

Athanas amekaa wima. Upepo unampiga usoni.

"Mkanda wa kushoto unalia," anasema. "Umelegea. Ukifika Kharumwa uukaze."

Anamtazama mkewe, anaiona kanga. "Ya nini hiyo?"

"Hamna," Euphrasia anasema, na kujifunga kiunoni.

Sasa anapanga kuliwekea tela paa la turubai na godoro la pili, ili mjamzito na mgonjwa wasigombee nafasi. Nguzo ya chandarua bado ni fupi, na upande wa Athanas chandarua kinamgusa puani. Cornel ameahidi kuirefusha kwa kipande cha mbao. Euphrasia amemwambia asiharakishe.

"Kikiinama hivyo, inabidi asogee upande wangu," anasema. "Nami namsikia anavyopumua."