Siku Nilipoiruka Karuma

Enzi zetu, kabla simu hazijajua barabara, nchi jirani tulizijua kwa midomo ya watu waliokwenda huko wakarudi. Watoto wa leo ukiwauliza Burundi iko wapi, wanakuuliza kama kuna waifai. Sisi tulikuwa na baba.

Baba aliendesha lori la mizigo kutoka Nairobi hadi Juba. Tuliishi Muthangari, hapo Nairobi, vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ambako mama alikuwa akipika na kufua: mama, dada yangu Nekesa, mimi, na kukhu, mamake baba, aliyeletwa kutoka Bungoma magoti yalipomshinda. Baba akirudi alinuka dizeli na samaki wa kukaushwa, na kabla hajavua viatu tulimrukia, "Baba, leta habari!" Naye alitoa kamoja, katamu kama mabuyu. Kwamba ukivuka Nimule unahamia upande wa kulia wa barabara, na usipohama utakutana na Mungu. Kwamba Ethiopia mwaka una miezi kumi na mitatu. Kwamba zamani hata kwetu magharibi kulihesabiwa Uganda, hadi mkoloni akausogeza mpaka, na mamake kukhu akaamka asubuhi akiwa nchi nyingine bila kutoka kitandani. Hiyo ilinitia baridi. Kwa wiki nzima nilikuwa nikiamka naenda dirishani kwanza, kuhakikisha bado ni Kenya.

Simu ya baba ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, na ikishavuka Malaba ilikuwa kama imezikwa. Kwa hivyo kukhu alikuwa na utaratibu wake. Kila jioni baba akiwa safarini, kabla jua halijatua, mmoja wetu alisimama nyuma ya jikoni akielekea magharibi, akataja njia yote, kila mji na jambo lake dogo. Malaba, malori yanapolala foleni. Tororo, mwamba unaotazama mji. Jinja, Nile inapotoka ziwani. Kampala, mji wa vilima. Karuma, daraja na nyani. Gulu. Nimule. Juba. "Mtu wa safari hutajwa kila anapopita," kukhu alisema. "Usipomtaja, unamwacha hapo." Mama, mtu wa kanisa, alikunja uso, lakini sikuwahi kumsikia akikataza.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la nne. Nje ya geti wenzangu walikuwa wameanza kucheza kati, wakikwepa mpira wa karatasi za nailoni, wananiita kwa jina. Nikataja mbio mbio: Malaba, Tororo, Jinja, Kampala, Gulu, Nimule, Juba, nikatoka.

"Wewe! Rudi hapa!" kukhu akaita. "Umeacha Karuma!"

Nilimsikia vizuri sana. Nikajifanya kiziwi.

Niliporudi jua lilikuwa limetua. Kukhu alikuwa ameketi kando ya jiko, mwiko mkononi, ugali umeshika chini. "Gizani haitajwi," akasema. "Na palipoachwa, hata ukitaja kesho, jina hukawia kufika." Basi. Hakunichapa, na heri angenichapa.

Baba alitarajiwa Jumamosi. Hakuja. Jumapili tulienda kanisani, mama akalia wakati wa nyimbo. Jumatatu, Jumanne, mteja hapatikani. Nilikuwa nikilala nasikia maji mengi yakipita chini ya kitanda, na Nekesa, niliyelala naye, hakusikia kitu.

Jumatano mchana geti likafunguka. Baba. Amekonda, mashavu yameingia ndani. Alikunywa maji vikombe vitatu ndipo akaongea.

"Nilitoka Kampala niko sawa," alimwambia mama. "Nikajipata Gulu. Hapo katikati sijui. Watu wa Gulu ndio walioniambia ni siku nne zimeisha. Na tangi, mama Nekesa, dizeli haikuwa imepungua."

Mama akasema ni uchovu. Kukhu akaniangalia, akanipakulia chakula. Tangu siku hiyo baba hakutuletea tena habari ya nchi yoyote.

Mwezi uliopita nilimpeleka Kenyatta Market tule nyama. Mzee sasa, lori aliliacha zamani. Binti yangu akamfungulia babu yake ramani kwenye simu: "Ona kuka, barabara yako!" Mstari wa buluu ukakimbia mpaka Juba kwa sekunde moja. Baba akaufuata kwa kidole, polepole, kidole kikasimama juu ya mto.

"Siku ile," akaniuliza, bila kuniangalia, "zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu, baba."

"Nilikuwa nimesimama kwa daraja. Nawasikia mkitaja Gulu, mkitaja Juba. Nikangoja tu. Siku nne, mwanangu."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ulikuwa mtoto. Ungebeba aje?"

Siku hizi binti yangu akichelewa Westlands ananitumia alama ya mahali alipo, nami nashukuru Mungu, nalala. Hakuna anayehitaji kusimama nyuma ya jikoni. Enzi zetu mtu alirudi nyumbani kwa sababu kuna aliyekuwa akimtaja. Kazi hiyo nilipewa mimi, jioni moja tu, na nikamwacha baba yangu amesimama peke yake katika nchi ya watu, nikaenda kucheza.