Mtulinga wa Marion

Selpher, mke wa Laban Luseno, alikuwa fundi wa kola. Nguo nyingine alizishona kama walivyoshona mafundi wote wa mtaa wa Tena, wala hapana mtu aliyetoka mtaa mwingine kufuata sketi zake. Lakini kola ikitoka mkononi mwake ililala shingoni kama iliyozaliwa hapo. Kwaya zilimletea majoho, akina mama wakamletea sare za shule, naye akaketi barazani na cherehani yake tangu watoto waondoke asubuhi mpaka jua lihamie upande wa pili wa nyumba.

Siri ya kola zile ilitoka hospitalini. Laban alikuwa mpiga picha za eksirei, na picha zilizoharibika, kama za wagonjwa waliojitikisa, alizileta nyumbani badala ya kuzitupa. Selpher aliziloweka katika beseni la maji ya jiki, dawa ya kung'arisha nguo, mpaka ule weusi ukabanduka kama utando wa maziwa, ikabaki karatasi angavu, ngumu, isiyokunjamana. Hiyo ndiyo aliyokatia vigezo vya kola. Kigezo cha katoni huliwa na mkasi. Cha filamu hakichoki.

Huyo ndiye Selpher aliyeonekana barazani. Wa moyoni alikuwa mwingine. Alizaliwa Butere, katika nyumba ya kwanza ya baba mwenye nyumba mbili. Jioni nyingi alimwona baba yake akirudi kutoka kwa mke wa pili, ng'ambo ya kijito, ngozi inang'aa, kucha safi, huku maji ambayo mama alikuwa amemtengea yakipoa jikoni. "Mwanamume akija ameoga," mama alimwambia, "usimwulize ametoka wapi. Mwulize maji ni ya nani." Mtoto hukua na alichonyonya. Selpher aliolewa na mwanamume wa mke mmoja, mtu wa kanisa, asiyegusa chupa, na bado alimnusa kila alipoingia mlangoni.

Kisha mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, Laban akaanza kuja nyumbani ameoga.

"Baba Wakoli, leo ulikuwa na nani?" Selpher alimwuliza siku ya kwanza, kwa sauti ya mzaha.

"Kazini."

"Kazi gani hiyo ya kuogea?"

"Ni utafiti. Mambo ya picha. Niwekee chai."

Chai akawekewa, lakini swali lilibaki mezani. Baada ya hapo likawa likiulizwa kila jioni, na kila jioni mzaha ukipungua. Halafu likaja gari. Lilikuwa dogo, jeupe, na lilimshusha Laban kwenye kona ya duka, na nyuma ya usukani aliketi mwanamke kijana mwenye nywele zilizokatwa fupi. Mama Shiku, aliyeuza sukuma wiki mkabala na baraza ya Selpher, hakuacha jambo hilo lipite bure.

"Mama Wakoli! Kumbe mzee wako siku hizi ana dereva!"

"Ni daktari wa kazini kwao," Selpher akajibu, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nimesema si daktari? Mimi nasema tu, dereva mwenyewe anapaka rangi ya mdomo. Aki huyo atatibu watu!" Mama Shiku akacheka, akaendelea kukata sukuma yake, kana kwamba hakuwa amekata kitu kingine.

Jumamosi Selpher alikwenda Soko la Burma mwenyewe, akachagua nyama ya mbavu, akaipika na vitunguu vingi kama Laban alivyoipenda tangu ujana. Laban alitazama sahani, akaisukuma polepole mbele ya mtoto wao Wakoli.

"Nipe mboga tu, mama."

"Umeshibishwa wapi?"

"Selpher."

"Nauliza tu. Mtu haachi nyama ya mbavu hivihivi. Kuna mahali amekula."

Laban akala ugali na mboga, asijibu. Hapo alikosea, na ni haki kosa lake litajwe kabla ya la mkewe. Ukweli aliomnyima ulikuwa mfupi na safi. Daktari Wakiuru, yule wa gari jeupe, alikuwa akifanya utafiti wa maiti. Kila mwili uliopangiwa kupasuliwa ulipigwa kwanza picha, naye akalinganisha kile picha ilichoonyesha na kile ambacho kisu kilikikuta. Pia alitafuta picha ambazo marehemu alipigwa akiwa hai, aone madaktari walikosea wapi kuzisoma. Laban ndiye aliyepiga picha za maiti, huko mochari. Kwao mtu aliyekaa na maiti haingii nyumbani kabla ya kuoga, ndiyo maana aliogea hospitalini. Nyama ilimshinda kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Na alikuwa ameapa moyoni kwamba wafu hawatatajwa mbele ya chakula cha watoto wake. Nia ilikuwa njema. Lakini ukimya wa nyumbani haukai mtupu. Mwenye hofu huujaza kwa kile anachokiogopa.

Jumapili baada ya ibada Laban alikwenda Kayole. Alirudi na bahasha kubwa ya kaki, akaiweka juu ya kabati la chumba cha kulala, akamwambia Selpher, "Hiyo usiiguse. Si ya kushonea." Asingesema neno baya zaidi hata kama angelitafuta.

Bahasha ile ilitoka kwa Mama Marion. Mwanawe Marion alikuwa msichana wa saluni aliyepanga chumba katika ploti moja ya Kayole, jengo la vyumba vya kupangisha, iliyoshika moto. Miili miwili ya wanawake ilitolewa humo, na hapana jicho la mzazi lililoweza kusema huyu ni nani na yule ni nani. Nyumbani kwao Kimilili wazee walikuwa wamekwisha kuagiza kwamba, kama maiti haipatikani, wangezika shina la mgomba mahali pake, matanga yaishe. Mama Marion alikataa. Alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia Marion aliteleza ngazini na mtungi wa maji, akavunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, na picha aliyopigwa baada ya mfupa kuunga ilibaki kwa mamake, chini ya godoro. Daktari Wakiuru alimwambia kwamba mfupa ukivunjika huunga kwa namna yake, na fundo lake halifanani na la mtu mwingine. Angelinganisha picha hiyo na za miili ile siku ya Jumanne. Polisi wangekubali, na mama angempeleka mwanawe nyumbani.

Hayo yote yalikaa juu ya kabati, katika bahasha ambayo Selpher alikatazwa kuigusa.

Jumatatu, Laban alipoondoka na watoto walipokwisha kwenda shule, aliiteremsha. Aliitoa filamu, akaiinua mbele ya dirisha. Kifua cha mwanamke kilijitokeza. Aliona mbavu, kivuli cha matiti, shingo nyembamba, na shingoni mkufu mweupe wenye kimsalaba kidogo ambao mwenyewe hakuwa ameuvua. Pembeni paliandikwa: MARION, miaka ishirini na mbili.

Selpher akaketi kitandani. Aliwahi kumwazia mwanamke huyo mara nyingi, wakati mwingine akimpa uso wa daktari, wakati mwingine uso wa mtu aliyempita tu njiani. Sasa alikuwa na jina, na umri, na mkufu. Nani alimnunulia mkufu? Yeye mwenyewe hakuwahi kununuliwa hata hereni. Wanaume wengine huficha picha ya hawara ndani ya Biblia. Huyu wake, kwa kuwa kazi yake ni mifupa, ameficha mifupa! Akajiona akicheka, kicheko kisicho na furaha. Na mifupa yenyewe ilikuwa mizuri. Hilo ndilo lililomuuma. Hata ndani, mahali Mungu peke yake hutazama, msichana huyu alikuwa mwembamba na amenyooka, isipokuwa fundo dogo juu ya kifua, upande wa kushoto.

Alichukua mkasi wa kazi.

Kwanza alikata nusu kola ya duara, tangu katikati ya shingo kuelekea bega la kushoto, akahakikisha mkufu umo. Hicho kipande alikitoboa, akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani, mume wake akione akiingia. Sehemu zilizobaki alizikata vipandevipande, akazitumbukiza katika beseni la jiki. Jina la Marion lilibanduka upesi. Mbavu zilichukua muda. Alisimama akitazama mpaka maji yakawa meusi, na moyo wake, ambao alitarajia utapoa, ukazidi kuwaka.

Jioni Laban aliingia, ameoga. Aliona kipande msumarini. Akakitazama kwa muda, akageuka kwenye beseni, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ni mwanamke wako huyo?" Selpher akasema. "Nimemshonea kola. Mwambie aje nimpime."

"Huyo ni maiti, Mama Wakoli."

"Usinichezee."

"Ameungua Kayole. Mama yake alinipa picha hii kwa mikono miwili." Sauti ya Laban haikupanda, na hilo lilimtisha Selpher kuliko kelele. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamweleza yote: mochari, utafiti, sababu ya kuoga, sababu ya kuacha nyama, mtulinga uliovunjika, na mgomba unaosubiri Kimilili.

Selpher alitumbukiza mikono katika beseni, akatoa kipande baada ya kipande. Vyote vilikuwa angavu kama kioo cha dirisha.

"Mfupa ulivunjika upande gani?" akauliza.

"Kushoto."

Wote wawili wakatazama msumarini.

Asubuhi Laban alitaka kukipeleka kipande kile mwenyewe, lakini akabadili nia. "Utakipeleka wewe," akasema. "Mimi nitakuonyesha mlango tu."

Mama Marion alikuwa ameketi kwenye benchi ya hospitali, leso mabegani, mikono imetulia mapajani. Karibu naye alisimama Kabiru, polisi mwenye jalada la moto ule. Daktari Wakiuru alipokea kipande bila kuuliza neno, akakibandika kwenye sanduku la taa, kando ya picha za miili miwili. Selpher alimtazama kutoka viatu mpaka nywele. Hata wakati ule aliona kwamba koti lake limemkaa vizuri, na akajichukia kwa kuliona.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. Mtulinga wa mwili mmoja ulikuwa mzima. Wa pili ulikuwa na fundo, na fundo lilielekea chini kisha likapanda, sawasawa na lile la kipande cha kola.

"Ni yeye," akasema, taratibu. "Ninaamini ni yeye. Shida ni kwamba kipande hiki hakina jina. Jina lilikuwa pembeni, na pembeni pamekatwa. Nani atasema mbele ya afisa kwamba kimetoka katika picha ya Marion?"

Laban hakuwapo picha ilipokatwa.

Selpher alijua kilichotakiwa. Angeweza kusema kwamba alidhani ni picha ya kutupwa, kama zile nyingine. Neno hilo lilikuwa tayari ulimini, na lingemhifadhi. Lakini Laban, walipofika tu, alikuwa amewaeleza wote kwamba bahasha ile ilikatazwa. Uongo ungeharibu ushahidi, na ushahidi ukiharibika mtoto wa watu angezikwa na manispaa.

"Ni mimi niliyeikata," akasema. "Nilisoma jina kabla ya kukata. Liliandikwa Marion, miaka ishirini na mbili. Ana mkufu wenye msalaba. Nilijua si ya kutupwa. Nilidhani ni mwanamke wa bwana wangu. Tena kabla ya hapo nilidhani ni huyu daktari."

Kabiru alishindwa kujizuia. "Mama, ulimwonea wivu maiti?"

"Sikujua ni maiti."

"Na angekuwa hai?"

Swali lilikuwa la haki, ijapokuwa aliyeuliza alikuwa na kicheko puani. Selpher akamgeukia mwenye mtoto, akapiga magoti sakafuni. "Mama Marion, nisamehe."

Mama Marion hakumshika mkono wala hakumsukuma. "Mkufu ni wangu, nilimpa mimi," akamwambia Kabiru. Kisha akamtazama Selpher. "Samahani yako nitaitafuta siku nyingine, dada. Sasa inuka useme yote tena, polepole, waandike. Mimi sirudi Kimilili na mgomba."

Selpher akainuka. Akasema yote tena, wivu wake ukiandikwa neno kwa neno na mkono wa polisi, mbele ya daktari aliyemwonea wivu. Daktari Wakiuru alisikiliza macho yakiwa kwenye sanduku la taa, asimwaibishe zaidi kwa kumtazama, na huo ndio wema aliomtendea.

Marion alizikwa kwao, kwa jina lake. Selpher hakwenda, hakualikwa, naye hakuthubutu kujialika. Alituma rambirambi kupitia kwa Laban, ikapokelewa bila neno. Kuhusu samahani, Mama Marion hakuwahi kuleta jibu, na hapana sheria inayomlazimu. Mtaani habari zilimfikia Mama Shiku, bila shaka, na kwa miezi kadhaa alimwita Selpher "Mama Eksirei" mbele ya wateja. Selpher aliitika. Vigezo vyote vya filamu alivirudisha hospitalini, akarudia katoni, na kola zake, kusema kweli, hazikulala tena shingoni kama zamani.

Wivu haukumtoka. Haung'oki kwa siku moja kitu kilichopandwa utotoni. Laban akitaja jina la daktari, mkasi bado husita kidogo kwenye kitambaa. Lakini tangu wiki ile humtengea mumewe maji moto katika bafu la uani, naye haogei tena hospitalini. Huja na vumbi la kazi yake, akapitia mlango wa nyuma. Akitoka kuoga, kabla watoto hawajaitwa mezani, Selpher humwuliza swali lilelile.

"Leo ulikuwa na nani?"

"Na mzee mmoja wa Tala," Laban hujibu. "Na mtoto. Bado hatujajua jina lake."

Selpher huitikia kwa kichwa, akapakua mboga.