Mzizi Alioubakiza Josepha

Josepha hakuwa mwizi. Tuanze hapo, maana watu wa Usinge wana midomo. Alikuwa mke wa mganga, Anton Luhende, mwanamume mpole aliyekwenda kanisani Jumapili na porini Jumatatu bila kumwonea mtu aibu. Dawa zake nyingi zilikuwa za kawaida tu, za tumbo na za homa. Moja ndiyo iliyompa jina: dawa ya wazee wanaoanza kusahau, wale wanaokuuliza jambo mara tatu kabla chai haijapoa. Majani, magome, na mzizi mwekundu unaoota vichuguuni, vinachemshwa pamoja, vinakorogwa na asali. Mzizi huo alikuwa akiuchimba Josepha mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Ukija mara ya kwanza bila kuku hufukuzwi, dawa unapewa, lakini kitu kimoja kinabakizwa. Isipokufaa unarudi na kuku, kuku anaifungua dawa, nawe unapewa kilichobaki. Kila mtu huko alilijua hilo, na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka wa sabini na tano, watu wakiwa wameshahamishiwa kijiji cha ujamaa, akaja mtaalamu wa serikali kutoka Dar es Salaam, jina lake Yoramu. Kijana mwenye adabu. Alimwamkia Luhende shikamoo, akaeleza kwamba wanatafuta dawa za mitishamba za kuwafaa wazee wa nchi nzima. Luhende alifurahi mno.

"Mama Hilari," alimwambia mkewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mfungie huyu kila kitu. Huyu hadaiwi kuku."

Josepha akaingia ndani. Akafunga majani, akafunga magome. Mzizi akauacha chunguni. Alijiambia, mgeni ni mgeni. Dawa isipomfaa atarudi na kuku wake, si ndivyo wanavyofanya wote? Tena tuseme ukweli, roho ilimuuma kidogo, jasho lake la vichuguuni liondoke hivihivi na gari la serikali.

Yoramu hakurudi. Angejuaje, maskini? Ilikuja barua, nayo ikasomwa na katibu wa kijiji mbele ya mkutano mzima. Panya waliolishwa dawa na panya wasiolishwa walisahau njia ya kufikia chakula chao sawasawa. Dawa haikuonyesha lolote, uchunguzi wake umefungwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo Luhende akaitwa mganga wa panya.

Josepha alikuwa amekaa palepale, akiviangalia vidole vyake. Ilimpasa asimame. Lakini kusema umeificha serikali kitu, miaka ile, mbele ya katibu? Nitamwambia nyumbani, akasema moyoni. Nyumbani akamkuta mumewe anamwaga dawa chooni, kibuyu baada ya kibuyu, naye akashindwa. Nitamwambia kesho. We acha tu, kesho hiyo ilichukua misimu miwili ya mvua.

Na ndani ya misimu hiyo Luhende alipanda karanga kwenye tuta alilokwisha kulipanda jana yake. Siku nyingine alikwenda mahame, kwenye nyumba yao ya zamani iliyobomolewa, akaketi mchana kutwa akingoja wagonjwa. Josepha alijua anachokiona; mke wa mganga haambiwi. Akachimba mzizi, akachemsha dawa kamili, akampelekea kwenye bakuli.

"Sinywi," alisema Luhende. "Serikali ilipima. Nimewanywesha watu uchafu miaka yote hii, mama Hilari. Mungu anisamehe."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Ni mimi niliyebakiza, basi, maneno yenyewe ni hayo tu. Badala yake alilirudisha bakuli jikoni, akalia kwa kujichukia, akaosha vyombo. Mara ngapi alilipeleka bakuli lile na kulirudisha? Hata yeye hakumbuki. Aliyaogopa macho ya mumewe kuliko alivyouogopa ugonjwa wa mumewe, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Siku aliyosema ilikuwa asubuhi, Luhende anaota jua mlangoni. Josepha alipiga magoti akaeleza yote: kuku, mzizi, mkutano, woga wake.

"Dawa yako haikuwa na kosa, baba Hilari. Mimi ndiye niliyeipunguza. Kunywa, nakuomba."

Luhende alimsikiliza kwa makini, vile alivyokuwa akiwasikiliza wagonjwa zamani. Akalipokea bakuli, akainusa dawa, akaionja kwa ncha ya ulimi. Uso ukamchangamka.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Mzizi umo. Umempikia nani?"

Josepha alimtazama.

"Mume wangu."

"Ameanza lini kusahau?"

"Huu mwaka wa pili."

Luhende akatikisa kichwa. Akamrudishia bakuli kwa mikono miwili, kwa upole uleule aliowapa nao watu habari mbaya.

"Pole, mama," akasema. "Sijui unatoka kijiji gani, lakini dawa hii humshika mtu anapoanza tu. Ungemleta mapema."